Tarikhi ya Springi na Shokapu katika Gari Dogo

Mtu aliyenunua gari dogo lililokwisha kutembea miaka mingi, kisha akaambiwa na fundi wake kwamba springi zimelala na shokapu zimekufa, aghalabu hudhani kwamba ameambiwa habari moja kwa maneno mawili, akaenda dukani kutafuta kimoja kati ya vitu hivyo kwa kadiri ya fedha alizo nazo. Dhana hiyo ni ya kosa, walakini ina nasaba ndefu, kwa kuwa waundaji wa magari wenyewe, watu wa elimu na ustadi, waliishi nayo miaka mingi kabla ya kung'amua kwamba springi kazi yake ni kubeba na shokapu kazi yake ni kutuliza, na kwamba hakichaguliwi kimoja bila ya mwenzake kuulizwa. Nataka kueleza hapa jinsi maarifa hayo yalivyopatikana, na kwa nini yalitafutwa kwa taabu zaidi katika gari dogo kuliko katika gari kubwa.

Springi ni kongwe kuliko motokaa. Mwaka 1678 mwanazuoni Mwingereza Robert Hooke alichapisha kanuni ambayo hadi leo ndiyo msingi wa hesabu zote za springi, nayo ni kwamba springi hubonyea kwa kadiri ya uzito unaoikandamiza, uzito ukizidi maradufu na kubonyea kukazidi maradufu. Mafundi wa magari ya farasi hawakungoja kumsoma Hooke. Wao walifua mabamba ya chuma cha pua, wakayapanga moja juu ya jingine, refu chini ya fupi, wakayafunga katikati kwa pingu, na mwanzoni mwa karne ya 19 Obadiah Elliott wa London akapata hataza ya kamani za namna hiyo zilizounganishwa mbili mbili mfano wa yai, zikalifanya gari la farasi kuwa jepesi na la raha kuliko lililotangulia. Ndani ya kamani hizo mlikuwa na siri ambayo hakuna aliyehitaji kuifikiria: bamba liliposuguana na bamba, msuguano ule ulimeza nguvu ya mrusho, hata gari likapanda na kushuka mara moja au mbili kisha likatulia. Shokapu ilikuwa imejificha ndani ya springi. Madhali mwendo ulikuwa wa farasi, kutulia kwa namna hiyo kulitosha, na hata mabamba yalipopata kutu yakakazana, au yalipopakwa mafuta yakalegea mno, msafiri alinung'unika tu akaendelea na safari yake.

Motokaa ilirithi kamani hizo kama zilivyo, ikazipeleka mwendo ambao hazikuumbiwa. Hapo ndipo ilipodhihirika kwamba gurudumu lililorushwa na tuta halirudi chini kwa adabu, bali hudunda, na tairi lililo hewani haliwezi kushika breki wala kutii usukani, hata ikawa jambo lililoanza kama taabu ya makalio limegeuka kuwa hatari ya roho. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mfaransa Truffault alibuni chombo cha mikono miwili iliyokutana kama mkasi, na kati ya mikono hiyo vibao vya duara vilivyobanwa kwa bolti, na Mmarekani Edward Hartford akakifanya biashara. Dereva aliyetaka gari gumu alikaza bolti, aliyetaka laini akailegeza. Kilikuwa chombo cha busara, lakini kilibeba kasoro ya asili ya msuguano mkavu, ambao ukaidi wake ni mkubwa zaidi wakati kitu kimesimama kuliko kinapokwenda. Kwa hiyo katika vijishimo vidogo, ambako dereva angependa springi icheze kwa uhuru, chombo kiliishika isicheze, na katika shimo kubwa, ambako nguvu nyingi ilihitajiwa kuizuia, hakikuongeza chochote.

Dawa ilikuwa mafuta. Kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza, Mfaransa mwingine, Maurice Houdaille, alitengeneza shokapu ambayo ndani yake mafuta yalilazimishwa kupita katika njia nyembamba, na uzuri wa mafuta ni kwamba hayakatai mwendo wa taratibu, ila kadiri yanavyoharakishwa ndivyo yanavyopinga. Umbo tunalolifahamu sasa, la bomba lililo ndani ya bomba, lilikuja kuenea baadaye, na mwenye kupata shokapu kuukuu ya namna hiyo akaikata kwa msumeno ataona mambo yenyewe kwa macho: fimbo iliyong'arishwa kama kioo, mwishoni mwake pistoni yenye matundu, na juu ya matundu hayo visahani vya chuma vyembamba kama karatasi, vimepangwa kimoja juu ya kingine, vikipinda kidogo ili mafuta yapite. Wembamba na idadi ya visahani hivyo ndiyo tabia nzima ya shokapu. Upande mmoja huhukumu kupanda kwa gurudumu, upande wa pili huhukumu kushuka kwake, na aghalabu mwundaji huweka ukinzani mkubwa zaidi katika kushuka, kwa sababu hapo springi iliyokandamizwa inadai kurudisha kwa ghafla yote iliyopokea. Nguvu hiyo haipotei, inageuka joto. Na kwa hiyo shokapu iliyotoka kwenye barabara mbovu huwa haishikiki kwa mkono.

Aliyeufikisha uchaguzi wa springi kwenye daraja la elimu ni Maurice Olley, Mwingereza aliyekuwa Rolls-Royce na akahamia Cadillac, Marekani, mwaka 1930. Kabla yake desturi ilikuwa kuweka springi ngumu mbele na laini nyuma, kwani nyuma ndiko walikoketi matajiri. Olley aliunda gari la majaribio lenye vyuma vizito vilivyoweza kusogezwa mbele na nyuma, akabadilisha springi moja baada ya nyingine, akaketi ndani yake pamoja na wenzake na kusikiliza miili yao inasema nini, hata akathibitisha kwamba desturi ile ilikuwa kinyume cha mambo. Gari hupatwa na tuta mbele kwanza, na nyuma huchelewa. Basi springi za mbele zikiwa laini, zenye kupanda na kushuka taratibu, na za nyuma zikiwa na mwendo wa kasi kidogo, nyuma huikamata mbele, ncha mbili za gari zikapanda na kushuka pamoja, na abiria hatikiswi kichwa kama mtu anayeitikia kila neno. Lakini ekseli nzima ya mbele haikustahimili springi laini, usukani ulitetemeka, na kwa sababu hiyo Olley na wenzake walilazimika kuyatenga magurudumu ya mbele kila moja na njia yake, na Cadillac za mwaka 1934 zikatoka na mpango huo. Ninamstahi sana Olley kwa jambo hili, kwamba hakuridhika kuuliza springi ni ngumu au laini, bali aliuliza ni ngumu au laini kwa kulinganisha na nini.

Na swali hilo ndilo linaloliumiza gari dogo. Chukua gari la kilo 600, ulipakie watu wanne wa kilo 70 kila mmoja pamoja na dereva: umeongeza kilo 280, karibu nusu ya uzito wake. Wapakie watu haohao katika gari la kilo 1,800, na nyongeza yao haifiki sehemu moja ya sita. Tena katika gari dogo sehemu kubwa ya nyongeza hiyo, na mizigo juu yake, hulalia magurudumu ya nyuma. Springi iliyochaguliwa kwa ajili ya dereva peke yake itakaa chini familia ikipanda, na iliyochaguliwa kwa ajili ya familia itamrusha dereva akiwa peke yake. Gari kubwa linaweza kusamehe uchaguzi wa kubahatisha, dogo halisamehi.

Katika Ufaransa kabla ya Vita Vikuu vya Pili, Pierre-Jules Boulanger, mkuu wa Citroën, aliwaagiza wahandisi wake gari la wakulima lenye kubeba watu na kilo 50 za viazi kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, na katika masharti yaliyokumbukwa zaidi lilikuwamo hili, kwamba gari livuke shamba lililolimwa likiwa na kikapu cha mayai na lisivunjike yai hata moja. Sharti hilo halikuwa mapambo ya maneno: mkulima aliyetakiwa kuliacha gari la farasi alikuwa na mayai kweli, na sokoni alikwenda kwa njia za mashamba. Magari 250 ya kwanza yalitengenezwa mwaka 1939, vita vikazuka, na takriban yote yakavunjwavunjwa. Likaonyeshwa hadharani Paris mwezi Oktoba 1948 kwa jina la 2CV, lenye nguvu za farasi 9 na uzito wa takriban kilo 500. Alphonse Forceau ndiye aliyeibuni namna yake ya kubeba magurudumu. Kila gurudumu lilishikwa na mkono mrefu, wa mbele ukielekea mbele na wa nyuma ukielekea nyuma, na chini ya sakafu, kila upande wa gari, lililala bomba moja la chuma lenye springi mbili ndani yake, moja ya mkono wa mbele na moja ya mkono wa nyuma. Bomba lenyewe halikukazwa, lilijongea. Gurudumu la mbele lilipopanda juu ya jiwe, fimbo yake ilivuta springi, springi ikavuta bomba, na bomba likalisukuma gurudumu la nyuma chini, hata gari likabaki sawa badala ya kuinua pua.

Springi laini kiasi hicho zilihitaji kutulizwa kwa namna isiyo ya kawaida. Forceau na wenzake waliweka vibao vya msuguano katika maungio ya mikono, na kwenye kila gurudumu wakasimamisha silinda ndogo yenye kipande kizito cha chuma kilichokalia springi yake ndani ya mafuta: gurudumu liliporuka, chuma kile kilichelewa nyuma yake, likishuka chenyewe bado kinapanda, na kwa kupingana huko mdundo wa gurudumu ukafa. Baadaye shokapu za mafuta zilichukua nafasi ya vyombo vyote hivyo. Ila kuna kitu kimoja katika 2CV ambacho kwangu ni ushahidi mwema kuliko vyote kwamba waundaji wake walijua hasa walichokichagua. Karibu na usukani kulikuwa na kitasa cha kuzungusha, na kitasa hicho kiliinamisha na kuinua taa za mbele, kwa sababu nyuma ikipakiwa viazi gari huketi, na taa zikamulika vilele vya miti. Waliukubali ulaini, wakakubali na gharama yake, wakamwekea dereva njia ya kuilipa. Gari hilo liliendelea kutengenezwa hadi mwaka 1990.

Waingereza walilikabili shauri lilelile kwa mlango mwingine. Alec Issigonis, mzaliwa wa Smyrna, alipotakiwa kuunda gari dogo la British Motor Corporation, aliamua kwamba urefu wake uwe wa mita tatu tu na kidogo, na karibu yote hayo wapewe watu na mizigo yao, hata magurudumu yakawa ya inchi 10. Ndani ya gari hilo, lililotolewa Agosti 1959 na kujulikana kwa jina la Mini, springi ya kawaida haikupata pa kukaa. Rafiki yake Alex Moulton, aliyetoka katika ukoo wa watengenezaji wa mpira, alimpa pia ya mpira mnene iliyobanwa kati ya vikombe viwili vya chuma, na mpira una tabia isiyokuwamo katika kanuni ya Hooke: mwanzo hukubali, kisha kila unavyozidi kukandamizwa huzidi kukataa. Kwa tabia hiyo lile tatizo la dereva peke yake na familia nzima lilipata jawabu ndani ya kitu kimoja kinachoenea kiganjani. Shokapu zilifungwa kando, ndogo na nyembamba. Mwenye kupanda Mini atakwambia kwamba jawabu hilo lilikuwa gumu mgongoni, na ni kweli. Lakini lilikaa barabarani kwa namna iliyowashangaza wenye magari makubwa, likashinda mashindano ya Monte Carlo mwaka 1964, 1965 na 1967. Mwaka 1964 Mini ilipewa vyombo vya maji vya Moulton, vilivyounganisha gurudumu la mbele na la nyuma kwa bomba, fikra ileile ya Forceau katika vazi la majimaji, na kufikia 1971 ilikuwa imekwisha kurudi kwenye mpira mkavu, kwa minajili ya gharama.

Hata hivyo si Forceau wala Moulton aliyeirithi dunia, bali Mmarekani Earle MacPherson. Huyu alikuwa akiunda gari dogo la Chevrolet lililoitwa Cadet, shirika likalifuta mwaka 1947, naye akahamia Ford na fikra yake. Mwaka 1950 Ford ya Uingereza ikaonyesha Consul na Zephyr zilizokuwa nayo. MacPherson aliichukua shokapu akaifanya kuwa nguzo: chini imeshika gurudumu, juu imefungwa kwenye bodi, na springi ya kuzunguka imeivaa kama bangili zilivyouvaa mkono. Vyuma vikapungua, nafasi ya injini ikaongezeka, gharama ikashuka, na gari dogo likapata kitu ambacho halikuwa nacho, yaani masafa marefu ya gurudumu kupanda na kushuka. Corolla ya kwanza ya mwaka 1966 ilikuwa na nguzo hizo mbele, ingawa uzito wake ulisaidiwa na kamani ya mabamba iliyolazwa kwa upana. Golf ya 1974 ikazitumia katika umbo ambalo magari madogo mengi yamelifuata tangu hapo. Lakini kwa kuivika shokapu springi, MacPherson aliwafunga wawili hao ndoa ambayo fundi hawezi kuigusa nusu. Kubadilisha shokapu sharti springi ibanwe kwa vibano, na springi iliyobanwa ina nguvu ya kuua mtu, kwa hiyo nasikitika kila nionapo kijana wa gereji akiifungua kwa kamba au kwa waya.

Barabara za Afrika ya Mashariki ziliingia katika tarikhi hii kwa mashindano yaliyoanza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, yaliyokuja kuitwa Safari. Volkswagen ndogo, yenye fito za chuma zinazojipinda mahali pa springi, ilishinda 1954, 1957 na 1962. Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka na 7 tu yakarudi, mbele yao Peugeot 404 ya Nick Nowicki. Na mwaka 1966 na 1967 Bert Shankland na Chris Rothwell wa Tanzania walishinda kwa gari la aina hiyohiyo, lenye nguzo za MacPherson mbele na springi za kuzunguka nyuma, na lenye masafa marefu ya magurudumu. Katika vumbi na makorongo yale ilionekana wazi nini huua shokapu: mafuta yakichemka na kuchanganyika na hewa hugeuka povu, na povu halipingi kitu. Mfaransa de Carbon alikuwa ametengeneza dawa ya ugonjwa huo, shokapu ya bomba moja ambamo gesi iliyoshindiliwa, iliyotengwa na mafuta kwa pistoni inayoelea, huyakandamiza mafuta yasipate nafasi ya kutoa povu. Na Bilstein ya Ujerumani, iliyoanza mwaka 1873 kwa vyuma vya madirisha, ilinunua haki ya kuitengeneza na kuifikisha kwenye magari ya Mercedes mwaka 1957.

Leo magari madogo yanayojaa katika miji yetu, Vitz na Demio na Passo na wenzao, huletwa yakiwa yamekwisha kutumika Japani, ambako springi na shokapu zake zilichaguliwa kwa lami laini, na mwenye gari akigonga tuta mara mbili tatu huenda kwenye gereji za mitaa kama Gerezani au Kirinyaga Road kutaka linyanyuliwe. Desturi iliyoenea ni kutia spesa. Ile inayowekwa juu ya nguzo hulinyanyua gari bila ya kuugusa mwendo wa shokapu, ingawa huyapinda maungio ya ekseli. Lakini kile kipande cha mpira kinachopachikwa kati ya mizunguko ya springi nakichukia waziwazi, kwani huiua mizunguko kilipoingia, ikaacha ile iliyobaki kubeba yote, springi ikawa ngumu na ikavunjika kabla ya wakati wake.

Wengine hutafuta springi nene zaidi, na hapo hesabu ya springi ina jambo ambalo halionekani kwa jicho. Ugumu wa springi ya kuzunguka hukua kwa kipeo cha nne cha unene wa waya wake, maana yake waya wa milimita 10 ukibadilishwa kwa wa milimita 11, mengine yote yakibaki kama yalivyokuwa, ugumu huongezeka kwa asilimia 46. Shokapu ya zamani, iliyokadiriwa kuituliza springi ya kwanza, sasa inadaiwa nguvu ya asilimia 21 zaidi ili gari litulie kama lilivyokuwa likitulia, nayo hiyo nyongeza haina. Gari likanyanyuka, mwenyewe akafurahi, na katika kona ya kwanza yenye mashimo nyuma likamhama.

Viwanda vingi huzipaka springi zao matone ya rangi, kila rangi na daraja lake, ili mbili za upande huu na upande huu zisitofautiane. Katika springi kuukuu zilizorundikwa dukani matone hayo aghalabu yamekwisha kufutika. Fundi mwenye kuijua kazi yake huchukua kalipa akapima unene wa waya, akapima upana wa duara, akahesabu mizunguko inayocheza, akazisimamisha zote mbili mezani aone kama vimo vinalingana. Kisha huuliza gari litabeba watu wangapi kwa siku za kawaida, na baada ya jibu hilo ndipo anapokwenda kwenye rafu ya shokapu.